Kuitoa upya filamu ya mapigano kwa nyeusi na nyeupe: lini inafaa na inafanywaje

Filamu ya mapigano iliyojaa rangi ikivuliwa rangi zake, mara chache huimarika na mara nyingi hubaki uchi. Kinachoamua si programu wala bei ya kamera, ni namna vitu vilivyotenganishwa ndani ya picha siku ya kupiga. Kama adui alisimama gizani na shujaa kwenye mwanga wa mlango, mgawanyo huo utabaki hata rangi ikiondoka. Kama wote wawili walipigana juani Nungwi saa saba mchana, mmoja na fulana nyekundu na mwengine ya kijani, mtazamaji alikuwa anawatambua kwa fulana tu, na fulana zikishageuka kijivu watakuwa pacha.

Maelezo haya ni kwa mwenye filamu iliyokwishakamilika, iliyopigwa Unguja au Pemba, ambaye anataka kuirudisha kwa watazamaji kwa sura ya pili. Yanaanza na namna ya kujua kama kazi hiyo ina maana, kwa sababu filamu nyingi zinatakiwa ziishie hapo hapo.

Mifano miwili ya nje inatosha. Mad Max: Fury Road ilitoka 2015, jangwa lake rangi ya chungwa na usiku wake buluu, na toleo lisilo na rangi likafuata 2016. Lilisimama kwa sababu ambayo wengi huipita: filamu ile ina vipande kama 2,700 ndani ya saa mbili, na karibu katika kila kipande kitu cha kutazamwa kimewekwa katikati ya fremu. Jicho halihangaiki kutafuta, kwa hiyo halikuwa linaitegemea rangi kuliongoza. Godzilla Minus One ya Japani ilitoka Novemba 2023, na Januari 2024 ikaonyeshwa kwa nyeusi na nyeupe baada ya picha kurekebishwa upya shoti kwa shoti. Hii ilikuwa na hoja ya ziada: kisa chake ni cha miaka ya 1940, na Godzilla wa kwanza, wa 1954, hakuwa na rangi. Kijivu kilikuwa na sababu ya kuwepo. Filamu ya vijana wa bodaboda wa mwaka huu haina sababu hiyo, na itabidi ijitetee kwa picha zake peke yake.

Tena mtazamaji wa hapa ana jambo lake. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa ya rangi, wakati Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Nyeusi na nyeupe huku haimkumbushi mtu sebule ya utotoni. Inamkumbusha sinema za zamani, kwa waliowahi kuingia Majestic pale Vuga, na picha za Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa 1930. Kazitazame picha hizo kabla ya kuanza, uangalie hasa nguo nyeupe. Mkunjo wa kanzu unaoonekana bila kanzu yenyewe kuwa chafu ndio kipimo utakachokuwa unakifukuzia kazi nzima.

Jaribio la kidole

Halina gharama. Kwenye simu nyingi za Android, ndani ya mipangilio ya ufikivu, sehemu ya kusahihisha rangi, kuna chaguo la kijivu. iPhone inayo pia, kwenye vichujio vya rangi. Kwenye televisheni, shusha rangi hadi sifuri. Chagua mapigano matatu: moja la mchana, moja la usiku, moja lenye watu wengi. Zima sauti. Mkalishe mtu ambaye hajawahi kuiona filamu, mwoneshe shujaa ni yupi, kisha mwambie aelekeze kidole kwake muda wote bila kukiondoa.

Usijijaribu mwenyewe. Umeshazitazama shoti hizo mara mia, unajua shujaa yuko wapi hata ukifumba macho.

Kila kidole kikisita au kikamfuata mtu siye, andika muda. Kikipotea mara moja au mbili katika dakika tano, hilo linatibika. Kikipotea kila dakika, iache filamu ilivyo, na fedha zake zipeleke kwenye sauti, ambayo kwa filamu zetu nyingi ndiyo yenye njaa zaidi. Kumbuka pia kwamba kijivu cha simu ni kibaya kuliko utakachokitengeneza. Filamu ikipita hapo, kwengine kote itapita.

Fanya na jaribio la pili, la maana. Pitia hadithi na uandike kila mahali ambapo rangi ndiyo inayosema. Jezi za timu ndio mfano wa wazi, na usidhani nyekundu na kijani zitajitenga zenyewe. Hesabu yake iko hapa chini. Taa za chombo usiku: nyekundu kushoto, kijani kulia. Kama mfukuzano wa boti unategemea mtazamaji ajue chombo kile kinakuja au kinageuka, kwenye kijivu atabaki na nukta mbili nyeupe. Waya wa bomu wa kukatwa. Daftari jekundu ambalo ndilo lenye siri. Mlango wa buluu ambao shujaa aliambiwa aubishe. Karafuu hazina shida, maana mbichi na kavu zimeachana kwa mwanga, na kwenye jamvi utaziona tu.

Kwa kila kilichoandikwa kuna njia tatu: kubadilisha shoti kwa nyengine iliyobaki ghalani, kurekodi upya sentensi moja ya mazungumzo (“mlango wenye komeo la shaba” badala ya “mlango wa buluu”), au kukikubali kilivyo. Orodha ikipita mambo sita au saba, filamu hiyo iliandikwa kwa rangi. Usiibishie.

Hesabu ya kijivu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoharibu kwa kushusha rangi hadi sifuri na kusema imekwisha.

Kila nukta ya picha ina namba tatu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ukishusha rangi hadi sifuri, kwa kawaida programu huchanganya namba hizo kwa mgao wa kudumu wa asilimia 21 nyekundu, 72 kijani, 7 buluu, au ulio karibu na huo, kwa kuwa jicho la binadamu huona kijani kuwa angavu zaidi. Mgao huo ni wa haki kwa jicho. Haukutengenezwa kwa ajili ya hadithi yako.

Chukua jezi nyekundu yenye 200, 30, 30 na ya kijani yenye 20, 85, 40. Kwa mgao wa kawaida nyekundu inatoka 66 na kijani 68. Hakuna jicho litakalozitenganisha. Badili mgao uwe 60/30/10, yaani nyekundu ibebe asilimia 60, kijani 30, buluu 10. Sasa jezi nyekundu ni 132 na ya kijani ni 42. Timu mbili zimeachana kama mchana na usiku. Ukienda 10/80/10, zinageuka: nyekundu 47, kijani 74. Kwa hiyo unaweza hata kuamua nani awe upande wa giza.

Ngozi nayo inatembea. Uso wa kahawia wenye 120, 80, 60 unatoka 87 kwa mgao wa kawaida, 102 kwa 60/30/10, na 72 tu ukiipa buluu asilimia 60 na nyekundu 10. Ndio maana kwa nyuso zetu chaneli nyekundu, yaani ile namba ya nyekundu, ndiyo rafiki, na buluu ndiyo inayowafanya watu waonekane wagonjwa na wenye mabaka. Bahari ya Paje yenye 60, 170, 180 inashuka kutoka 148 hadi 105 kwa 60/30/10, na hapo povu na tanga jeupe la ngalawa vinasimama mbele yake. Anga la buluu linafuata njia hiyo hiyo.

Sasa mtego. Damu yenye 130, 10, 10 kwa mgao wa kawaida ni 35, nyeusi kabisa kwenye uso wa 87. Ukisukuma nyekundu hadi 90/20/-10, ambao wengi huupenda kwa sababu anga linakuwa la kutisha, ngozi inapanda hadi 118 na damu nayo inapanda hadi 118. Sawasawa. Mtu amepigwa panga na uso wake ni msafi. Kwa hiyo shoti yenye jeraha inapewa mgao wake: rudi kwenye wa kawaida au 10/80/10, kisha uinue uso kwa njia nyengine, nayo inakuja chini. (Filamu za zamani zisizo na rangi zilitumia sharubati ya chokoleti badala ya damu bandia nyekundu, na sasa sababu unaiona.)

Kitu kisicho na rangi hakisogezwi na mgao wowote. Ukuta wa chokaa wenye 235, 225, 205 unatoka 226 kwa mgao wa kawaida na 229 kwa 60/30/10. Kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe itabaki nyeupe juu ya nyeupe ufanye utakalo, na buibui ndani ya kichochoro cheusi vivyo hivyo. Shoti kama hizo huokolewa kwa kutia kivuli sehemu ya picha au haziokolewi. Zihesabu mapema. Zikiwa ndizo nyingi kwenye pambano kuu, rudi kwenye jaribio la kidole ufikirie tena.

Faili la kuanzia

Anza na picha kabla hazijapakwa rangi (yaani kabla rangi zake hazijarekebishwa kwa toleo la mwisho), zikiwa zimekwishapangwa kwa mpangilio wa mwisho wa filamu. Usianze na kopi iliyopandishwa YouTube, wala na faili la mwisho lenye rangi kama la mwanzo lipo. Kwenye toleo la rangi, vivuli vilishasukumwa kuelekea buluu na ngozi kuelekea chungwa ili zitofautiane kwa rangi, na kusukuma huko mara nyingi kuliusawazisha mwanga wao. Utakuwa unaijenga nyumba juu ya ukarabati wa mtu mwengine.

Aina ya faili ndiyo inakuwekea mpaka wa mgao. Simu na kamera nyingi ndogo hurekodi mwanga wa kila nukta, lakini rangi hurekodiwa mara moja kwa kila nukta nne. Ukitumia mgao wa kawaida, kijivu chako kinatoka kwenye ule mwanga uliorekodiwa kamili. Kila unapousogeza mgao, unakopa kutoka kwenye rangi iliyorekodiwa kwa uchache, na deni hilo linaonekana kama ngazi ndogo ndogo kwenye kingo za bega, waya na nywele. Kwa picha za namna hiyo usipite 45/45/10. Kwa picha za biti 10 (zenye ngazi nyingi zaidi za mwanga, kama ilivyo hapa chini) na rangi iliyorekodiwa mara moja kwa kila nukta mbili, 60/30/10 inavumilika. Picha ghafi za kamera kubwa zinakupa uhuru hadi kwenye namba hasi, ila kila namba hasi huongeza chenga (vile vidoa vidogo vinavyochezacheza kwenye picha), hasa ikitoka kwenye buluu, ambayo usiku ndiyo chaneli chafu kuliko zote.

Biti 8 ni ngazi 256 tu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Biti 10 ni 1,024. Kwenye rangi, mikanda ya anga hujificha kidogo. Kwenye kijivu inatoka kama michirizi ya mkeka. Dawa yake ni chenga za filamu zinazoongezwa mwishoni, na anga lisivutwe sana.

Kazi yenyewe

DaVinci Resolve, programu ya kuhariri na kurekebisha picha, ile ya bure inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi; inatoa hadi nukta 3840 kwa 2160, ila zana yake ya kupunguza chenga iko kwenye toleo la kulipia. Panga hatua kwenye kila shoti kwa mfuatano huu: kwanza sahihisha mwanga na weupe wakati rangi bado zipo, pili punguza chenga, tatu kichanganya chaneli (zana ya kuupanga ule mgao) kikiwa kimewekwa kwenye hali ya rangi moja, nne mkunjo wa mwanga na giza (mstari wa kupandisha au kushusha mwanga), tano madirisha (maumbo ya kurekebisha sehemu moja tu ya picha), mwisho kabisa chenga mpya. Weupe usahihishwe kabla ya kuchanganya. Shoti mbili za uso mmoja, moja ikiwa na unjano wa balbu na nyengine buluu ya kivulini, zitatoka na kijivu viwili tofauti kwa mgao ule ule, nawe utabaki unajiuliza kosa liko wapi.

Kwenye kichanganya, zima chaguo linalohifadhi mwangaza, na hakikisha namba tatu zinajumlika kuwa 100. Zikizidi, kuta za chokaa zinaungua. Zikipungua, picha nzima inakuwa ya majivu na utaanza kuirekebisha kwenye hatua isiyohusika.

Usitafute mgao mmoja wa filamu nzima. Tafuta mmoja wa kila tukio, kisha uugeuze kwenye shoti zinazokataa. Filamu ya dakika 90 yenye wastani wa sekunde tatu kwa shoti ina shoti 1,800. Ukizipa dakika mbili kila moja ni saa 60 za kukaa kitako, kabla ya marekebisho. Huo ndio muda wa kumtajia mtayarishaji anayesema “si kubonyeza tu?”. Shoti zinazofanana ziwekwe kundi moja, na saa zinaweza kushuka hadi nusu, ila mapigano hayapendi makundi: mtu anatoka kivulini, anapita kwenye jua, anaanguka kwenye kivuli tena, vyote ndani ya shoti moja.

Kwenye grafu ya mwanga, uso wa shujaa uweke kati ya asilimia 35 na 50, na uubakishe hapo kutoka shoti hadi shoti hata kama ukuta nyuma yake unabadilika. Kuta za jua zisipite 90. Weupe wa asilimia 100 ubakie wa moto, taa na jua kwenye maji. Moto wa chungwa unaruka sana kwenye mgao mwekundu: 255, 160, 60 unatoka 173 kwa mgao wa kawaida na 207 kwa 60/30/10, na ukiwa na mkunjo mkali juu yake mlipuko wote unageuka tundu jeupe lisilo na ndimi. Kwa milipuko, punguza nyekundu.

Dirisha la usoni liwe laini, kubwa kuliko uso, likiongeza mwanga nusu stopu tu (stopu moja ni mwanga mara mbili). Likizidi hapo, mtazamaji ataona taa inayomfuata mtu barabarani. Kunoa picha kuwe kidogo kuliko kwenye toleo la rangi, au kusiwepo. Kijivu hakisamehi mstari mweupe unaozunguka bega.

Usiku una matatizo yake. Shoti za mchana zilizogeuzwa usiku kwa kupakwa buluu ndizo za kwanza kufa: buluu ikiondoka, zinabaki mchana uliofifia. Zigeuze kwa mgao mwekundu ili anga liwe jeusi, funika anga lililobaki kwa kivuli, na kama kuna dirisha au taa ndani ya fremu, iinue hadi karibu na 90 ili jicho lipate ushahidi wa usiku. Kama hakuna taa yoyote, shoti hiyo haitaaminika.

Kuna faida pia, tena kubwa kwa filamu za bajeti ndogo. Kamera mbili zisizolingana rangi zinapatana. Taa za mirija za kijani dukani Darajani, balbu ya njano ya baraza na mwanga wa simu, ambavyo kwenye rangi vinagombana, kwenye kijivu vinakaa pamoja bila ya hata kuguswa. Mlipuko uliobandikwa kwa kompyuta hauonekani tena kuwa na rangi ngeni. Kitakachouumbua ni weusi wake kutolingana na weusi wa picha, na kukosa chenga. Na mahali penyewe: kuta za mawe ya matumbawe zilizomenyeka, mlango wa njumu, mabati yenye kutu. Vikipigwa na mwanga wa ubavuni, asubuhi au alasiri, kijivu huvitoa kama vilivyochongwa. Pambano la alasiri kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe ndilo tukio linalolipa kuliko yote. Pambano la adhuhuri ufukweni ndilo linalodai kuliko yote. Soko lipo katikati. Marundo ya matunda yanakuwa uvimbe wa kijivu, lakini mapazia ya maturubai juu yake hukata mwanga vipande vipande na kukuokoa.

Maandishi, sauti na vibali

Maandishi ya tafsiri meupe yatamezwa na chokaa. Yape mpaka mweusi mwembamba na kivuli chepesi, weupe wake ushuke hadi asilimia 85 ili yasiwe kitu angavu kuliko vyote kwenye kiwambo. Majina ya mwanzo yatengenezwe upya. Yale ya rangi yakigeuzwa tu huwa hafifu. Sauti haihitaji kuguswa, isipokuwa zile sentensi ulizorekodi upya.

Kama filamu si yako, huna ruhusa ya kuitolea toleo, hata bure. Hakimiliki kwa Zanzibar ziko chini ya COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar; mkataba wa wawekezaji na waigizaji usomwe tena kuona kama unataja matoleo mengine. Ukaguzi uko kwa Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na ulizia mapema kama toleo jipya linapitishwa upya, si wiki ya onyesho. Kwenye bango andika wazi kwamba ni filamu ile ile bila rangi. Mtu aliyelipa akidhani ni sehemu ya pili hatarudi.

Kutoa faili na kuonyesha

Faili kuu litoke ProRes 422 HQ (aina ya faili zito la video lenye ubora wa juu) au linalolingana nalo, la biti 10. Chenga hula nafasi: kopi nyepesi ya kawaida, ya H.264 na mistari 1080, ipewe angalau megabiti 20 kwa sekunde, la sivyo chenga zinageuka matope yanayotembea. Kopi ya sinema inaruhusiwa hadi megabiti 250 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 90 zinaweza kufika gigabaiti 169. Andaa diski ya kutosha. Katika kugeuza kwenda kopi ya sinema, weupe ukikosewa kidogo, kijivu chote kinakuwa na ukijani au uwaridi. Kwenye rangi kosa hilo hakuna anayeliona. Kwenye kijivu wataliona wote.

Projekta nazo zinajiumbua. Ile ya chipu moja yenye gurudumu la rangi huonyesha michirizi ya upinde wa mvua pale mtu mweupe anapokimbia mbele ya giza, na mapigano hayana kingine. Ile ya paneli tatu haina michirizi, ila paneli zikiwa zimesogea kidogo kila kingo inapata uzi mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili; jaribu na maandishi meupe juu ya nyeusi, na kama uzi unaonekana ukiwa safu ya tatu, omba nyengine au rekebisha paneli kama mashine inaruhusu. Kwenye televisheni za vibanda, ondoa ile hali ya picha kali, chagua ya sinema, joto la rangi liwe la wastani au la uvuguvugu. Hali ya kali hugeuza filamu nzima kuwa ya buluu.

Onyesho la wazi, kama lile la Tamasha la Filamu la Zanzibar ndani ya Ngome Kongwe, lina adui mmoja: mwanga usio wako. Nyeusi ya projekta ni ule weusi wa kiwambo kikiwa hakijapigwa na kitu, na taa za jirani Forodhani au mbalamwezi zikikifikia, nyeusi yako imeshakuwa kijivu na mapambano yote ya usiku yameingia ndani ya kijivu hicho. Kwa maonyesho ya nje tengeneza kopi ya pili, vivuli vikiinuliwa hadi asilimia 5 au 6 na nyuso zikiinuliwa pamoja navyo, ili tofauti ibaki juu ya weusi ulioharibika. Kiwambo kielekezwe pasipo na taa. Mwezi wa Julai jua linazama karibu na saa 12:20 jioni; filamu ya rangi inaweza kuanza saa 1 usiku, hii isianze kabla ya saa 1:30.

Kabla ya watu kuingia, rusha picha ya ngazi 11 za kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Ngazi ya pili kutoka chini isipoonekana, ongeza mwangaza wa projekta kidogo kidogo hadi itokee, kisha acha. Ikionekana lakini ngazi ya kwanza nayo inang’aa, tafuta taa gani inapiga kiwambo, ukaombe izimwe.